Sijalikizwa

"Mimi sijalikizwa."

Mke wangu aliyasema hayo Juni 2022, Mikindani, uani kwa mama, mikono yote miwili imo ndani ya beseni la changu. Alikuwa akipara magamba, na mengine yamemrukia hadi kwenye nyusi. Mimi nimetoka barazani, kikombe cha chai mkononi, nimekuja kumwuliza swali nililoliona la upole kabisa: likizo unaionaje? Hakuinua uso. Alisema alilosema, akachukua samaki mwingine.

Nilirudi barazani na chai yangu, lakini neno lile halikuniacha. Tumezoea kuiona likizo kwenye fomu ya ofisini, ile ya kujaza tarehe ya kuondoka na tarehe ya kuripoti. Kamusi inakumbuka zaidi. Kulikiza ni kumpa mtu ruhusa apumzike, na pia ni kumwachisha mtoto ziwa. Mama anapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja, anakunja uso, analia usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu analala. Basi mwenye likizo ni mtu aliyetolewa kwenye ziwa. Kazi nayo hunyonyesha, na wakati mwingine hunyonya. Mke wangu ni muuguzi. Wodini walikuwa wamempa siku zake 28. Lakini alikuwa ametolewa ziwa moja akabandikwa jingine, tena lenye watu kumi na mmoja wa kulishwa mara tatu kwa siku, mkaa wa kupuliza, na mawifi wanaotazama kama mchele umechambuliwa vizuri.

Kwetu sisi watu wa kawaida likizo haikuwa kwenda mahali. Ilikuwa kwenda kwetu. Serikali yenyewe, inapomlipia mtumishi nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, humlipia ya kwenda kwao, yeye na mwenzi wake na watoto. Haimlipii ya kwenda kutazama twiga. Nyumbani kwangu tulikubaliana zamani: mwaka wa kwao, Iringa, mwaka wa kwetu, Mtwara. Niliuona mpango wa haki, na nilijisifia mbele ya watu. Sikuwahi kuuliza ni nani hupara samaki mwaka wa kwao na nani hupara mwaka wa kwetu. Jibu ni yule yule, ila Iringa hakuna changu.

Isitoshe, Juni kule kusini si mwezi wa kukaa. Shule zimefungwa, mavuno yametoka, kwa hiyo ndiyo majira ya ngoma: jando na unyago vinasubiri watoto walikizwe shule ili viwachukue vyenyewe. Mikorosho nayo inataka kufyekewa chini na kuanza kupuliziwa salfa, lile vumbi la njano linaloingia puani na kukaa kwenye kola ya shati mpaka urudi Dar. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana shamba Madimba. Mwaka ule wa 2022 nilimwambia kwa adabu zote kwamba tumekuja kupumzika. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Njomba," akasema, "likizo ni ya shule. Mkorosho hauna shule."

Nikafyeka siku nne. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alikuja kuogelea. Shangazi zake wakamchukua pembeni kuuliza kama ameshachezwa. Mvulana wetu wa kati aliambiwa na wenzake kwamba kutahiriwa hospitali si kutahiriwa. Kitinda mimba peke yake ndiye aliyefurahi, na yeye hufurahia hata foleni ya Mbagala.

Kwa hiyo Aprili 2024, zamu ya kwetu ilipofika tena, nilinunua daftari. Niliwakusanya sebuleni baada ya chakula na kuwauliza mmoja mmoja: mnapenda tufanye nini? Nilidhani huo ndio uungwana. Kitinda mimba alitaka kumpanda kasa. Mvulana alitaka vitu viwili, nyangumi na kuvuka mpaka akakanyage Msumbiji. Binti alitaka tule chakula cha jioni Boma la Mikindani, juu kabisa ambako ghuba yote inaonekana, na apige picha jua likizama. Mke wangu alisema chochote, sawa tu, na mwenye kuoa anajua uzito wa sawa tu.

Orodha ile haikwenda kokote. Kasa hapandwi. Nyangumi wa nundu hupanda kutoka kusini kuja kuzaa, na kwenye maji ya Mtwara msimu wao ni kama Julai hadi Novemba. Shule zingetuita kabla wao hawajafika. Na Msumbiji ya ng'ambo ya Ruvuma ndiyo Cabo Delgado, ambako vita vimekuwapo tangu Oktoba 2017. Palma iliyoshambuliwa Machi 2021 haiko mbali na mdomo wa mto. Zamani watu wa kando mbili zile walivuka kwenda arusi na kurudi, mashangazi kule, wajomba huku. Kumweleza mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba nusu ya ukoo wa bibi yake iko mahali tusipoweza kwenda kulichukua jioni nzima, na daftari likabaki wazi.

Siku ya tatu nikakumbuka beseni la changu. Nikabadilisha swali. Sikuuliza tena mnapenda nini. Nikauliza: kila mmoja anataka aachishwe nini?

Hapo watu wakazungumza. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa ya kuwatangazia wageni. Alitaka aachishwe kuulizwa umepata divisheni ngapi. Mvulana alikuwa darasa la saba: tuisheni, hata ya saa moja, hata ya hesabu tu. Kitinda mimba alitaka aachishwe kulala mchana. Mimi nilisema simu, na wote watatu wakacheka kwa namna isiyonipendeza. Mke wangu alikaa kimya kidogo, akasema, "Kuulizwa leo tunakula nini."

Nikampigia mama Mikindani, kwa kuwa naye ni mtu wa safari ile ingawa yeye ndiye tunayemwendea. Nikamweleza swali. Alicheka mpaka akakohoa. "Mie niachishwe nini, mwanangu, na sinyonyi?" Tukaongea mambo ya mvua. Kisha, tulipokuwa karibu kukata, akasema kama mtu anayetaja bei ya nazi, "Ila Msimbati sijafika tangu tulipomzika mama."

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilijua kwamba mama alizaliwa Msimbati akaolewa Mikindani. Nilijua kama ninavyojua namba ya nyumba. Miaka yote hiyo mimi ninalipa nauli kwenda kwetu, na haikunipitia kwamba yeye naye ana kwao, tena mwendo usiofika kilomita sitini, barabara ya udongo na mchanga.

Hapo mpango ukawa na mguu wa kusimamia. Kilichobaki kilikuwa bahari, na bahari haipangwi, hufuatwa. Mwaka ule Idi Kubwa iliangukia tarehe 17 Juni, mwezi kumi wa Mfunguo Tatu. Hesabu ya pwani ni nyepesi: kutoka mwezi kumi hadi mwezi mpevu ni siku tano, na mwezi ukipevuka ndipo bamvua linapoingia. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mwamba ukabaki wazi hadi mbali, yakarudi kujaa mnamo saa kumi jioni. Ukienda wakati wa maji mafu utakuta kinyume chake, na wala hayakauki vya kutosha wala hayajai vya kutosha. Nikaandika daftarini: Jumamosi, 22 Juni, Msimbati. Asubuhi ni ya wanaotaka mwamba, jioni ni ya wanaotaka kuogelea, katikati ni ya wanaotaka kuachwa. Hakuna saa hata moja ya siku ile iliyoandikwa "wote".

Hicho ndicho nilichokosea miaka mingi. Nilidhani familia ikifurahi hufurahi kwa pamoja, kama watu wanaocheka kichekesho kimoja.

Safari yenyewe niipite haraka. Mwezi Mei mafuriko yaliyofuatana na kimbunga Hidaya yalikuwa yamekata barabara ya kusini, na tulipopita bado palikuwa na mahali basi linashusha mwendo likapita kwenye kifusi kipya, abiria wote kimya. Wazee wetu walikaa siku kadhaa wakisubiri kivuko Rufiji wakati wa masika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na watoto wangu hawaamini kwamba basi liliwahi kupanda pantoni. Tulitoka Dar kabla ya alfajiri. Somanga tulinunua samaki wa kukaanga dirishani. Giza likatukuta Mikindani, mama amesimama mlangoni na taa ya chaji.

Siku moja kabla ya Msimbati binti alinitoa matembezi ya peke yetu mjini Mikindani, mitaa ile ya nyumba za mawe zilizochoka. Kuna nyumba yenye kibao kinachomtaja Livingstone. Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni hoteli, lilijengwa baadaye, 1895. Yeye alipita Machi 1866 akianza safari yake ya mwisho. Alikuwa amejaribu kushuka kwenye mdomo wa Ruvuma, akashindwa kwa mikoko na tope, ndipo akaja kushushia mizigo Mikindani. Nikamsimulia binti msafara ule ulikuwa na akina nani: askari kumi na watatu wa Kihindi, watu kumi wa Nzwani, vijana tisa waliosomeshwa shule ya misheni ya Nassick kule India, wawili wa Shupanga, Wayao wawili. Ongeza ngamia sita, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo, punda, na mbwa. Wanyama aliwachukua apate kujua kama watastahimili mbung'o. Kila kundi limetoka pwani yake, kila kundi lina ugomvi na jingine, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeota usiku kwamba anataka kuona Mto Nile unakoanzia. Askari waliwapiga wanyama na kuwalemeza mizigo, mwisho wakarudishwa. Watu wa Nzwani wakakimbia, wakafika Zanzibar mwezi Desemba wakisema bwana ameuawa. Chuma, mmoja wa Wayao wawili, ndiye aliyebaki mpaka mwisho, yeye na Susi wa Shupanga, wakaubeba mwili wa Livingstone kuja Bagamoyo.

Binti alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si la kila siku.

"Yaani aliwapeleka tu anakotaka yeye," akasema. "Na daftari."

Tukatembea hatua chache. Kisha akaniambia kuhusu matokeo yake mwenyewe, mambo ambayo nisingeyapata kwa kumwuliza. Hayo sitayaandika.

Jioni ile pakazuka lile nililoliogopa. Nilikuwa nimetuma fedha mapema kwa binti wa kaka yake mama, ambaye ni mama lishe Msimbati, atupikie sote siku nzima: chai, mchana, na kitu cha jioni kabla ya kurudi. Mama alipojua, uso ulifunga. Alikuwa ameshaloweka choroko. Alikuwa ametafuta ming'oko, vile viazi pori vyembamba ambavyo kusini huchemshwa na chumvi, ukavimenya kwa kidole na kuvila vya moto, kwa kuwa mwanamke wa Iringa alivisifu mwaka ule wa beseni.

"Wageni wangu wale kwa kulipa," akasema, "nami ni hai?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyekuwa nalo. Alikaa mkekani karibu naye, akamwambia taratibu, "Mama, kesho wewe huna wageni. Kesho wewe ndiye mgeni. Unakwenda kwenu." Mama alinyamaza muda mrefu, akivuta uzi wa mkeka. Ming'oko tukaila usiku uleule, mpaka sufuria ikabaki chumvi.

Asubuhi tukapanda Noah ya kukodi, watu wanane na tenga moja. Baada ya Madimba, ambako mjomba aliingia na panga lake kana kwamba huenda mikorosho ikamfuata, barabara inapita karibu na mtambo wa kusafishia gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982. Tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walitoka barabarani kwa ajili ya bomba hilo. Mvulana aliuliza kama gesi nayo inakwenda likizo kwetu Dar. Mjomba akasema yenyewe ilikwenda moja kwa moja, haijarudi kusalimia.

Mbele kidogo Noah ikazama kwenye mchanga hadi kwenye ekseli. Nilitazama saa, maji yanazidi kukauka, ratiba yangu inaungua. Lakini mvulana, ambaye tangu Dar alikuwa amenuna kwa ajili ya nyangumi wake, alikuwa ameshashuka, ameshavua viatu, ameshapewa panga na mjomba akate makuti ya kutandika chini ya magurudumu. Walisukuma, wakatandika, wakasukuma tena. Gari lilipotoka alikuwa mchanga mtupu hadi kwenye kope, na mjomba alimpiga begani mara moja, bila neno. Habari za hospitali na jando hazikutajwa tena. Nyangumi pia.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ufukwe wake ni mchanga mweupe unaokwenda mpaka jicho lichoke, mivinje nyuma, na ukielekea kusini unakuta mikoko ya mto na upande wa pili ni nchi nyingine. Tulifika maji yamekwisha kutoka. Huko nje kwenye mwamba walionekana wanawake, wameinama, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja na fimbo ya kuchokolea pweza.

Mama alisimama akawatazama. Kwa watoto wangu ufukweni ni mahali pa kucheza. Kwake palikuwa shambani. Alivua ndara, akazipanga vizuri pembeni, akakunja kanga, akaondoka na wifi zake kuelekea kwenye mwamba bila kuniaga. Nilitaka kumwita arudi apumzike. Mke wangu akanishika mkono.

"Mwache. Hajaambiwa na mtu."

Nikakaa. Nimelifikiria sana lile jambo tangu siku ile. Kazi ileile inayomchosha mtu kwa kuwa anangojewa inaweza kumpumzisha mahali asipongojewa na yeyote. Magamba ya Mikindani na mwamba wa Msimbati ni samaki tu, na jasho ni lile lile. Sijui kama sheria yoyote ya kazi itaweza kuandika tofauti hiyo kwenye fomu.

Sitaki kusema kila mtu alilikizwa. Binti wa mjomba alikuwa jikoni kwake tangu alfajiri, akikuna nazi za wali wetu, na siku yake ya Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kama zote. Yeye alilipwa kwa fedha. Wengine miaka yote tumekuwa tukiwalipa kwa ahsante. Nilihesabu pale mchangani, kwa bei aliyotutoza dada yule kwa milo ya siku moja, mke wangu ananidai kiasi gani tangu tuoane. Nilipofika mwaka wa tano nikaacha.

Mke wangu mwenyewe alilala. Alitandika kanga chini ya mvinje, akajifunika uso kwa nyingine, akalala kuanzia saa nne hadi adhuhuri imepita. Watu walipita, pweza akaletwa akapigwapigwa kwenye jiwe ili alainike, mvulana na mjomba wakabishana kwa sauti kubwa kuhusu mpira, kitinda mimba akakataa kulala mchana kama haki yake ilivyoandikwa. Yeye hakugeuka. Chakula kilipokuja nilimtengea sahani, nikaifunika. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Saa kumi maji yakajaa. Pale Msimbati bahari inakuja karibu na haraka, na kina hakiko mbali, kwa hiyo nilisimama na watoto majini nikiwa mlinzi, simu imebaki garini. Wanawake wa mwambani walikuwa wamekwisharudi na matenga yao, kila mmoja kwake. Mama alikuwa amempa binti wa kaka yake pweza wote aliowapata. Alikuja hadi ukingoni pale tulipo, kanga imelowa hadi mapajani, akasimama wimbi linampitia vifundoni na kurudi.

"Bibi, njoo!" kitinda mimba akaita.

"Nije nifanye nini huko?"

"Hakuna."

Mama alilifikiria jibu hilo. Akatazama nyuma, kwenye mivinje, kama mtu anayeangalia iwapo yupo anayemhitaji. Kisha akaingia, polepole, nguo zote mwilini, mikono imeinuliwa kidogo pembeni kwa sababu haikuwa na cha kubeba, mpaka maji yakamfika kiunoni.